Ng'ombe wa Ukurasa wa Tisini

Kitabu chenyewe kilikuwa kizito kama ndama wa wiki. Ukikipakata nusu saa, unainuka na ganzi mpaka kiunoni. Kilikuwa cha picha, cha kuisifu nchi yetu: milima, wanyama, magofu ya pwani, ngoma za kila kabila, na chini ya kila picha maneno mawili matatu. Kilikaa kabatini katika darasa letu la jioni la watu wazima, pale Nyasubi, na ndicho kilichonifundisha kusoma. Niliingia darasani nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu. Nilipohitimu nilijiona naweza kusoma hata mawazo ya mbuzi.

Nikaomba zawadi moja tu: nikiazime Jumapili nikamwonyeshe mama, kijijini upande wa Mhunze.

"Kikirudi na doa la mchuzi," mwalimu akasema, "na wewe unarudi kwenye a-e-i-o-u."

Mama hakuwa na haja ya simba. Miaka sita ilikuwa imepita tangu kaka yangu aswage ng'ombe wetu arobaini kwenda kusini kutafuta malisho, na toka hapo kimya. Kila mgeni, hata muuza dagaa, mama alimuuliza: "Huko utokako hukumwona mwanangu?" Mimi nami nikawa situlii mahali pamoja. Miezi mitatu Kahama, miwili kwenye mashimo ya dhahabu ya Mwakitolyo, kisha Geita, na kila mnada wa ng'ombe niliopitia niliwakagua wachungaji nyuso mpaka wakanidhania mwizi.

Jumapili hiyo mama alinawa mikono, akatandika mkeka. Nikasoma kwa sauti ya mhubiri. Mlima wenye theluji: "Maskini, hao wanaanika wapi mtama?" Tembo: "Huyu ndiye anayemaliza mashamba ya watu." Mcheza ngoma na chatu shingoni: "Chatu mwenyewe kachoka, hebu mwacheni apumzike."

Ukurasa wa tisini ulikuwa kundi la ng'ombe likivuka mto. Nikataka kufunua, mama akaubamiza kwa kiganja.

"Rudi hapo. Huyu wetu."

"Mayu, nchi hii ina ng'ombe kama nyota."

"Na wewe una mama wangapi?"

Nikainama. Jike jeusi, ubavuni baka jeupe kama kibuyu, pembe moja imeinamia jicho, na sikio la kushoto limechanika. Sikio lile lilichanwa na fisi mbele yangu, yeye akivuta kichwa na mimi mkia, na naapa fisi yule alikuwa mkubwa sawa na punda. Kwetu mtu unaweza kumsahau; hunyoa, hunenepa. Ng'ombe huwezi kumsahau.

Nyuma yake alisimama mchungaji, mkono mgongoni mwa ng'ombe. Uso ulizibwa na pembe. Nikakigeuza kitabu, nikakiinua, nikatazama kwa upande, nusura nichungulie nyuma ya karatasi.

"Soma," mama akasema.

"'Utajiri wa wafugaji, bonde la Rufiji.'" Nikaruka. "Mayu, kaka tajiri! Hawa hawapungui elfu kumi!"

Mama hakuruka. Alipitisha kidole kwa ng'ombe mmoja mmoja, polepole, mpaka pembeni mwa ukurasa.

"Wetu ni huyu peke yake. Wengine wote wa watu. Anachunga vya watu, ndiyo maana kanyamaza." Akarudisha kidole kwenye baka jeupe. "Lakini tazama mgongo ulivyojaa. Aliyemlisha huyu alikuwa mzima."

Alikuwa. Nilifunua mwanzoni: kitabu kilichapishwa miaka miwili nyuma. Sikumwambia.

Nikaupiga ukurasa picha kwa simu, nikawatumia wachuuzi wote wa ng'ombe ninaowajua, nao wakawatumia wenzao. Hakuna aliyeniuliza jina la kaka. Waliuliza pembe imeinama upande gani. Siku tisa sikwenda kazini, nilikula nimesimama, nilikwenda kisimani na kurudi mpaka kinjia kikawa barabara. Mwalimu akapiga kuulizia kitabu, nikamwambia kinaumwa.

Siku ya kumi ikapiga namba ngeni.

"Shikamoo kaka," nikasema kabla hajatamka neno, maana kile kikohozi chake nakijua.

"Marahaba. Mayu yupo?"

Nikampa simu. Nilimsikia kaka akianza mbali: ukame, ugonjwa, ng'ombe wameisha, uso wa kurudi nao hana. Mama akamkata.

"Huyo wa sikio hajambo?"

"Hajambo, mayu. Ana ndama."

"Basi njoo nao. Na safari hii utangulie wewe, usijifiche nyuma ya pembe."

Kitabu bado kiko kwa mama, kimefunuliwa palepale, na doa la kiganja juu ya mto. Mwalimu ananitafuta. Mimi kila nikisikia kengele ya ng'ombe njiani, natoka mbio na tonge mdomoni.