Mama Upepo na mtungi aliokataa kuufungua

Saa nane mchana, jua kali. Mama Upepo amepiga magoti mchangani kando ya gari la wagonjwa, sikio karibu na tairi la nyuma. Pancha ameshaiziba. Sasa anasikiliza gesi ikiingia. Mlio unafifia, kisha unakatika.

Tairi limejaa nusu tu. Mdomo wa mtungi wake umeganda barafu nyeupe.

Ndani ya gari amelala bibi aliyebanwa na kifua, anapumua kwa msaada wa oksijeni. Tairi la spea lilipasuka asubuhi, na hospitali bado iko mbali.

“Shemeji, tumia huu,” anasema dereva, mdogo wa mume wa Mama Upepo, akiburuta mtungi wa akiba wa oksijeni. “Umejaa tele. Tunaondoka sasa hivi.”

“Rudisha.”

“Mtu anakufa humu ndani!”

“Ndiyo maana nakwambia rudisha. Mikono yangu grisi, mpira wa kujazia nao grisi. Oksijeni ikikutana na mafuta haingoji kiberiti. Unataka tumlipue na mgonjwa mwenyewe?”

Mama huyu wa watoto wanne ni fundi pancha. Madereva wa malori walimpa jina la Mama Upepo kwa sababu humfuata mteja huko huko alikokwama na kumjazia tairi upepo. Alianza na pampu ya mguu. “Tairi moja la lori, unakanyaga mpaka kiuno kinaomba talaka,” anasema.

Akahamia pampu ya umeme, ikawa inachemka na kuzima porini. Ndipo akaanza kutafuta gesi ya kubeba. Mumewe, mchomeleaji wa vyuma, alimshauri achukue naitrojeni. Ni gesi salama, anakiri, lakini mtungi wa kutosha kazi ni chuma kinene na kizito. “Tuliufunga nyuma ya pikipiki, gurudumu la mbele likainuka. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.”

Akachagua kabonidayoksaidi, ile inayotia povu kwenye soda. Ikishindiliwa mtungini huwa kimiminika, hivyo mtungi mdogo wa kubeba begani hujaza matairi kadhaa. Lakini haitaki pupa. Ukiifungulia kwa nguvu, inapoa hadi mdomo unaganda.

Na hapa mchangani pupa ilikuwepo. “Shemeji alikuwa ananihimiza, yule bibi anakohoa, nikafungua koki yote,” anasimulia baadaye.

Sasa anaifunga. Muuguzi anampa chupa ya maji iliyokaa juani juu ya dashibodi, maji yake vuguvugu. Anayamimina polepole kwenye barafu. Ndani ya gari binti wa mgonjwa anaita, “Mama, nisikie. Mama!”

Dereva anazunguka gari. “Haitatosha,” ananong’ona.

“Mchangani tairi likiwa laini kidogo ndiyo linakanyaga vizuri. Ukifika lami, nenda polepole, kwa adabu.”

Barafu inamomonyoka. Anafungua koki kidogo, anafunga, anasubiri, anafungua tena. Gari linainuka taratibu, mpaka anapolipiga tairi kofi na kupaza sauti, “Nenda!”

Jioni binti anapiga simu: mama yake amelazwa, anapumua vizuri, ameomba chai. Mama Upepo anakaa kwenye kizingiti cha kibanda chake na kulia kimya.

Kesho yake shemeji anakuja, macho chini. “Samahani. Ningekuua jana.”

“Ungeanza kufa wewe,” anamjibu. “Kaa, unywe maji.”

Ni shemeji huyo huyo aliyemwombea hospitalini nafasi ya kuwafundisha madereva wenzake. Wiki ijayo Mama Upepo anaanza. Anataka kila gari la wagonjwa liwe na mtungi wake mdogo wa gesi ya soda, na dereva anayejua kuutumia.

“Ipo siku watakwama mahali ambapo sitafika kwa wakati,” anasema. “Siku hiyo nataka wasinihitaji.”