Redio Zetu za Bugomora

Mume wangu alizaliwa kijijini Bugomora, wilaya ya Karagwe, miaka michache baada ya wazazi wake kuvuka mto kutoka Rwanda. Alisoma hapa, akabatizwa hapa, akanioa mimi Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe kutoka Ndama, mbele ya watu wa hapa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu walilokuja kumgeuzia kuwa kosa.

Katika miaka ya themanini mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati, yeye fundi wa magari katika kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara. Kampuni ilipoondoka iliacha malori mabovu uwanjani, na ndani yake zile redio ndogo ambazo madereva walikuwa wakizitumia kuzungumza wakiwa njiani. Zilikaa humo miaka, kuku wakitagia kwenye viti. Wakati huo, kufikisha habari Rubwera kwenye kituo cha afya chenye gari ilibidi kumtuma mtu kwa baiskeli. Mara nyingi gari lilifika tukiwa tumeshaanza kulia.

Padri wetu aliziomba zile redio, akapewa. Mume wangu alizileta nyumbani kwenye tenga la ndizi. Jumapili baada ya misa alikuwa akizifungua juu ya mkeka, anasugua kutu kwa mswaki wa zamani, anaunga nyaya zilizotafunwa na panya. Nyingi zilikuwa zimekufa kabisa. Hizo alizichinja ili apate vipuri vya kuponya tatu. Moja akaifunga zahanati kwa betri ya gari, ya pili kituo cha afya, ya tatu kwenye gari lenyewe. Antena alizitengeneza kwa mabomba ya maji, akazisimamisha juu ya nguzo za mkaratusi.

"Bugomora, Bugomora, mnanipata?" ilisema sauti ya mganga wa Rubwera, imejaa mikwaruzo kama mtu anayekaanga karanga.

"Tunakupata," nikajibu.

Miezi michache baadaye mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amelala vibaya tumboni. Niliita Rubwera asubuhi. Kabla ya adhuhuri gari lilikuwa mlangoni. Alipasuliwa hospitali, akarudi na mtoto wa kiume. Jirani alikuja kwetu na mkungu wa ndizi na jogoo, akamshika mume wangu mikono yote miwili.

"Kaka, huyu mtoto ni wako pia," akasema.

Kwa miaka kadhaa redio zile zilikuwa kama kisima cha kijiji. Watu walituma salamu, habari za misiba, habari za chanjo. Kule Rubwera alikuwapo katekista mmoja, mzaliwa wa Rwanda, mzee. Alipofiwa na binti yake, mume wangu alimpa pole kwenye redio kwa Kinyarwanda. Walizungumza kidogo, mzee akalia, wakaagana. Jirani yetu alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati akisubiri dawa ya kikohozi.

Kisha vita vikaanza ng'ambo ya mto. Watu tuliosali nao wakaanza kuitazama nguzo yetu kwa jicho jingine. Siku moja mume wangu aliitwa ofisini kwa kijiji, nami nikamfuata. Walikuwapo ofisa mgeni kutoka wilayani, wajumbe, padri, na jirani yetu amekaa dirishani.

"Shikamoo mzee," mume wangu akasema.

Ofisa hakuitikia. "Ulizaliwa wapi?"

"Hapa Bugomora."

"Na baba yako?"

Mume wangu akaelekeza mkono upande wa mto. Ofisa akamgeukia jirani. "Eleza ulichosikia."

"Alikuwa anaongea Kinyarwanda kwenye redio," jirani akasema, macho yake yakiwa sakafuni. "Sijui walikuwa wanapanga nini."

"Alikuwa anampa pole mfiwa," nikasema. "Nilikuwapo. Hata wewe ulikuwapo."

"Mama, hujaulizwa," ofisa akaniambia.

Nilimtazama padri. Yeye ndiye aliyeziomba redio, ndiye aliyezibariki kwa maji. Alikuwa anafuta miwani yake kwa pindo la kanzu, na aliendelea kuifuta mpaka tukatoka.

Redio zote tatu zilichukuliwa. Mume wangu alikaa mahabusu wilayani majuma kadhaa, akaachiwa bila mtu kumwambia kosa lake. Alirudi amekonda, akaoga, akala, akaenda kupogoa migomba. Hakusema neno baya juu ya mtu yeyote. Mimi niliyasema yote, jikoni, peke yangu.

Msimu wa mvua uliofuata mke wa mwalimu alianza kutoka damu. Wanaume walimbeba kwa machela ya miti kuelekea Rubwera. Alifia njiani, na waliombeba walirudi naye wakiwa wameloa matope mpaka kiunoni. Mmoja wao aliniuliza kwa nini sikuita gari. Nilimwambia akamuulize jirani yangu.

Wakimbizi walipofurika mwaka wa tisini na nne, wafadhili walijaza Karagwe magari meupe, na kila gari lilikuwa na antena ndefu inayoyumba. Kinyarwanda kilisikika redioni mchana kutwa na hakuna aliyeitwa ofisini. Ofisa yuleyule alitembea na redio ya mkononi kiunoni, akiipapasa kama bibi harusi anavyopapasa pete. Wafadhili walisikia sifa za mume wangu, wakaja kumwomba awe fundi wao.

"Nashukuru," akawajibu. "Siku hizi mimi ni mkulima."

Mwaka huohuo nilikwenda wilayani kuchukua dawa. Mtunza stoo alipofungua mlango niliziona redio zetu pembeni, zimelaliwa na magunia ya mahindi. Jioni nikamweleza mume wangu.

"Nyaya wamezikata?" akauliza.

"Wamezikata. Lakini zinaungika, kama zile za panya."

Akaomba maji ya kunawa, tukala.