Herufi Tano, Mwisho Y

Enzi zetu, ubao wa darasa ulisuguliwa kwa unga wa betri zilizokwisha na majani ya maboga, nasi wenye zamu tulirudi nyumbani na mikono myeusi kama ya mafundi wa magari. Wewe uliyesoma Tororo, huku Uganda, miaka ile utanielewa. Asubuhi vumbi la kiwanda cha saruji lilikuwa limetanda juu ya madawati, ukiandika jina lako kwa kidole linasomeka. Saa nne tulikunywa uji wa mahindi kwa vikombe vya plastiki, kila kimoja kimechorwa jina la mwenyewe kwa kisu cha moto. Na ole wako uteleze Kiswahili au Dhopadhola, lugha ya nyumbani, mbele ya monita. Ulivishwa kipande cha mbao shingoni, ukakibeba mpaka umkamate mwingine.

Ila Ijumaa, baada ya uji, hata watoro walikuja. Madam Awor, mwalimu wetu wa Kiingereza darasa la sita, aliandika ubaoni namba moja na herufi moja. Tano, Y. Kila mmoja alisimama ataje neno la Kiingereza lenye herufi tano, linaloishia na Y, na lisiwe limeshatajwa. Ukikosa, unakaa. Aliyebaki amesimama peke yake alipewa kamusi ya darasa akae nayo mpaka Jumatatu. Kamusi ilikuwa moja tu, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Vijana wa leo watacheka, lakini kuonekana njiani umeikumbatia ilikuwa heshima kubwa kuliko viatu vipya.

Mimi nilikuwa mtoto wa mjini. Baba aliendesha lori kati ya Busia na Mbale, mama aliuza vitambaa sokoni, na maneno yangu niliyaokota kwenye maboksi ya mizigo: empty, heavy, candy, jelly. Mpinzani wangu aliitwa Athieno, binti wa wakulima wa kijiji cha Kisoko, ambaye alitembea kwa miguu kila siku na bado akatutangulia kufika sisi wa karibu. Baba yake alikuwa katekista, kwa hiyo yake yalitoka kanisani: glory, mercy, enemy. Hatukuwa marafiki. Kusema kweli nilimwonea wivu.

Ijumaa moja wenzetu walikaa mapema. Mmoja alisema monkey, akahesabu kwa vidole, akafika cha sita, akakaa mwenyewe bila kuambiwa. Mwingine alileta holy kwa sauti ya padre, akaambiwa hata Mungu hawezi kuliongezea herufi. Tukabaki wawili. Athieno akasema dairy. Alilisoma kila siku kwenye kibao cha mahali walipopeleka maziwa. Nami nilikuwa na neno nililolificha wiki nzima, kutoka kitabu ambacho baba alipewa bure mwaka mpya. Nikalitoa kwa madaha: diary.

Madam akasema nimerudia, nikae.

Kwa ndimi zetu maneno yale mawili yalikuwa mapacha. Nilifungua mdomo nijitetee, Kiingereza hakikuja, na Kiswahili kilikuwa marufuku. Nikakaa, machozi yakinidondokea kwenye daftari.

Athieno alikuwa ameshinda. Alikwisha fika mezani, mkono umegusa kamusi. Kisha akaurudisha.

"Madam, hajarudia," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Langu ni la maziwa. Lake ni la kitabu cha siku."

Tukaitwa ubaoni, kila mmoja aandike lake. Madam akazitazama zile A na I zilizopishana. Halafu akaenda dawati la mbele, akajibana kati ya wasichana wawili, akatangaza kwamba leo aliyekosa ni mwalimu, basi amekaa. Tulicheka mpaka darasa la jirani wakachungulia dirishani. Zamu ikarudi kwa Athieno. Akatafuta, akatafuta. Hakuwa na jingine.

Nilifika nyumbani na kamusi, lakini sikuifungua. Mama aliponibana, nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Chakula ulichopakuliwa na mwenzako, hukili umempa mgongo." Kesho yake asubuhi alinipandisha kwenye baiskeli ya mjomba, kamusi nimeifunga ndani ya leso, tukaenda Kisoko.

Athieno alikuwa uani anaanika wimbi la kusaga. Aliniona, akaendelea kulisambaza kwa mguu.

"Umekuja kuniringia?"

"Nimekuja tuisome."

Akaliacha wimbi. Kisha akaenda kunawa mikono, akaikausha vizuri kwa gauni lake, akanikunjulia mkeka. Mama yake alituletea viazi vitamu na mchuzi wa karanga, tukala kwa mkono mmoja, wa pili ukifunua kurasa, mpaka mjomba alipochoka kugonga kengele ya baiskeli. Tangu siku hiyo, yeyote aliyeshinda, kamusi ilisomwa na wawili.

Leo Athieno ni muuguzi mstaafu, yuko Busia upande wa Kenya. Mwezi uliopita alivuka kuja kunisalimia. Akakuta wajukuu wangu sebuleni wanacheza kwenye simu mchezo wa kubahatisha maneno ya Kiingereza, ya herufi tano tano, kila mtoto na simu yake, kimya kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Nikawaambia mchezo huo tuliucheza sisi kwa chaki. Hawakuamini, ikabidi niwasimulie. Mdogo wao akamgeukia Athieno, akamuuliza sasa yeye alipata nini.

"Nilipata hasira," Athieno akasema. "Njia nzima mpaka Kisoko."

"Mbona sasa ulisema, Bibi?"

"Lilikuwa neno lake."

Mtoto alimtazama, akanitazama na mimi, akarudi kwenye simu. Simwoni na kosa. Simu yake inajua kuandika kuliko Madam Awor, haisikii vibaya, hakuna anayeonewa wala anayehitaji kutetewa. Sisi tulisikia vibaya, tukalia, tukacheka hadharani, na neno moja likaweza kukufikisha Kisoko kwa baiskeli. Nilimsindikiza Athieno hadi stendi, tukawataja tuliosoma nao, walio hai na waliotangulia, tukatembea polepole kwa makusudi.