Lyubov na Mapendo

Miaka hiyo tulipokuwa wageni mjini Garland, huku ughaibuni, nilimsindikiza mama mmoja Mkongomani kumwandikisha binti yake shule, ili nimtafsirie. Mtoto aliitwa Mapendo.

"Waambie waandike Amy," mama aliniambia, macho chini. "Mapendo ni jina ya dada yangu, alikufa mu vita. Sitaki watoto wa huku waicheke."

Karani, mwanamke wa makamo kutoka Urusi, akauliza jina hilo lina maana gani. Nilipomweleza, aliweka kalamu chini, akagusa beji kifuani pake: Lyubov.

"Kwetu nalo ni mapendo," alisema. "Ni la binti aliyeuawa zamani kwa ajili ya dini yake, pamoja na dada zake, Imani na Tumaini. Wazee wetu walilitafsiri kutoka Kigiriki ili kila mtu alielewe. Hapa wananiita Lu, nami naitika."

Nilitafsiri. Mama akasema polepole, "Basi aandike Mapendo."

Karani aliandika, akajaribu kulitamka. Alikosea mara mbili, na mama akamsubiri mpaka akalipata.

Jumatatu nilirudi kazini katika mji jirani wa Richardson, ambako jina langu limekatwa na ninaitwa Mo. Aliyenibatiza hivyo ni mimi mwenyewe.