Picha ya Kikapu cha Majani Saba

Tangu astaafu upishi wa shule ya msingi, Fusae Murakoshi alikuwa na mapenzi mawili: bustani yake ya mboga nyuma ya nyumba, na kamera. Alipiga picha biringanya zenye umande, vitunguu vya majani vilivyoinamishwa na theluji, hata viwavi waliomtafunia kabichi. Mumewe, Kunimitsu, alikuwa akisema kwamba viwavi wa nyumba ile wana picha nyingi kuliko yeye.

Mwaka huo, jioni ya tarehe sita Januari, Fusae alitafuta majani saba ya kutia kwenye uji wa mchele wa kesho yake, uji unaoliwa ili mwaka uwe wa afya. Tanipu na figili changa aling'oa bustanini. Mengine alichuma kandokando ya mashamba ya mpunga. Ilibaki seri, mmea wa majini wenye harufu kali. Mahali alipozoea kuichuma palikuwa pamefukiwa na udongo wa watengeneza barabara, basi akapanda hadi kidimbwi cha juu ambako hakuwahi kuchuma, akang'oa fungu zima. Alipanga yote kikapuni, akayapiga picha kwa mwanga wa dirishani, kisha nusu akampelekea jirani yake, Bibi Inagaki, ajuza wa miaka themanini na kitu aliyeishi peke yake.

Asubuhi, Kunimitsu alichelewa kuamka, na Fusae hakutaka kupika uji ukaganda. Akafungua kompyuta aitazame ile picha. Ilikuwa nzuri kweli, mizizi ya tanipu iking'aa kama lulu. Akaikuza. Chini ya shina moja la seri akaona kitu.

"Baba," alimwita mumewe, "njoo utazame hapa."

"Uji tayari?"

"Njoo kwanza."

Kunimitsu alivaa miwani, akainama. "Kifundo," akasema. "Kama chipukizi la mwanzi."

Wote wawili walijua maana yake. Seri ya kuliwa ina mizizi myembamba tu. Mwenye kifundo ni yule mwenzake wa sumu, anayefanana naye kama pacha, ambaye kipande chake kidogo humwangusha mtu mzima kwa degedege. Fusae akakimbilia jikoni, akapekua fungu lake shina kwa shina. Kifundo hakikuwamo. Basi kilikuwa kimekwenda kwa jirani.

Alipiga simu. Ikaita, ikaita, haikupokewa.

"Washa gari," alimwambia mumewe, akatoka mbio na aproni yake, malapa ya Kunimitsu yakimvuka miguuni.

Bibi Inagaki alikuwa ameketi mbele ya televisheni iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho. Bakuli mezani lilikuwa tupu.

"Umeshakula, bibi?"

"Mabakuli mawili, tangu alfajiri. Mbona unahema hivyo? Mzee wako amefanyaje?"

"Seri. Uliitia yote?"

"Sasa niiweke ya nini?"

Fusae akakaa chini palepale mlangoni, akaeleza. Bibi alizima televisheni, akasikiliza mkono ukiwa tumboni.

"Hiyo sumu hukawia?" aliuliza.

"Haikawii. Saa moja, mbili."

"Basi ningekuwa nimeshatangulia." Lakini mkono hakuutoa tumboni. "Mizizi niliikata. Imo kwenye ndoo ya mbolea. Katazame."

Fusae akaimwaga ndoo juu ya gazeti. Kati ya maganda ya machungwa na majani ya chai, alilipata shina lile na kifundo chake cha rangi ya tope. Alipokigusa, kikabanduka. Alikuwa konokono, mdogo kuliko ukucha, amejikunja ndani ya gamba lake akisubiri masika. Chini yake palikuwa na mizizi myembamba, myeupe. Fusae alilipasua shina, akalinusa, akalinusa tena. Ilikuwa seri.

Kunimitsu akatokea mlangoni akihema. "Gari liko tayari. Nani anapanda?"

"Mpandishe konokono," alisema Bibi Inagaki.

Fusae alicheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikamwacha, machozi yakabaki. Bibi akamsogelea kwa magoti, akawa anampapasa mgongoni. "Basi, Fusae-san. Basi. Mwakani chuma pale unapopajua."

Nyumbani alipika uji. Moyo ulikuwa umeshaamini, lakini mkono ulikataa kuitia ile seri. Kunimitsu alikoroga bakuli lake, akatazama, akasema, "Sita yanatosha," akala.

Mchana Fusae alimpigia bibi simu. Saa tisa akampigia tena. Jioni, alipopiga mara ya tatu, Bibi Inagaki hakungoja salamu.

"Niko hai. Niache nioge."

Fusae akaweka simu chini, akajilaza kando ya jiko la mafuta, na kabla mumewe hajamaliza kusoma gazeti alikuwa anakoroma.