Kitabu Hakitupwi

Harufu ya karatasi zilizolowa ilinipokea mlangoni. Maji ya mafuriko yalikuwa yameingia kwenye sinagogi ya mtaani kwetu Houston, na mimi nilikwenda kujitolea kutoa vitu nje. Niliokota kitabu cha sala kilichovimba, nikafungua mfuko wa taka. Mama mmoja wa Kiyahudi akanishika mkono.

"Humo hapana, dada. Hivi tunavizika."

Nilipokuwa mdogo, niliangusha juzuu yangu ya Kurani kwenye dimbwi nikitoka madrasa. Kwa kuogopa fimbo ya mwalimu, niliificha jalalani, chini ya maganda ya muhogo. Asubuhi bibi akaikuta alipokwenda kumwaga majivu, nikajua nimekwisha. Hakunipiga. Alikaa kizingitini, akaifuta matope kwa upindo wa kanga yake, ukurasa mmoja mmoja.

"Ukianguka wewe matopeni, nikutupe huko?"

"Hapana, bibi."

"Basi lete jembe."

Tulichimba nyuma ya nyumba, mahali watu hawakanyagi. Bado nilikuwa nalia.

"Na mwalimu je?"

"Huyo niachie mimi. Alifu yake alifundishwa na mimi, na juzuu yake aliiangusha mara mbili."

Nikacheka na makamasi yangu.

Pale sinagogini nilikaa chini na kile kitabu, nikaanza kukifuta matope kwa ncha ya mtandio wangu. Yule mama akanitazama, akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi hii.

"Mara moja," nikamwambia. "Na bibi yangu."