Njia ya Ng'ombe

Kutoka Grand Prairie kwenda Sugar Land, huku Texas, kuna njia mbili, na mimi ningekuwa dereva tungepita moja tu. Unashika barabara kuu moja kwa moja hadi Houston, unaingia ile ya kulipia, kibandiko cha kwenye kioo kinakatwa pesa, umefika. Nyingine inazunguka kupitia Waco, inashuka na Barabara ya Sita katikati ya mashamba, na inakula saa nzima zaidi. Hiyo ya mzunguko ndiyo Mama Audace aliyoipenda. Mwanawe aliipa jina, njia ya ng'ombe.

Mama Audace ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Jina lake la ubatizo ni Godelieve, Mrundi wa Ruyigi, rozari haimtoki mkononi. Baba yake alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu, na yeye msichana ndiye aliyewajua kwa majina, kwa sababu kaka zake walikuwa wavivu, ndivyo anavyosema. Vita vilipokuja waliacha ng'ombe zizini wakakimbia. Akakaa kambini Tanzania miaka mingi, akamzaa Audace huko, akamzaa Inès huko, akamzika mume huko. Kiswahili chake ni cha kambini, changu ni cha Kakamega, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye anayekosea. Hapa Texas alifua shuka za hoteli mpaka presha ya macho ilipoanza kumfungia dunia kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati.

Siku ya kwanza Audace alipompeleka kwa Inès, kule Sugar Land, alipotea. Akajikuta Barabara ya Sita, anagombana na simu, mara mama yake anampiga begani: simama. Kando ya waya walikuwa wamesimama ng'ombe wa Texas, wale wenye pembe zisizopita mlangoni. Mama alishuka na kitenge chake, akashika waya, akalia. Alidhani ni wa kwao. Alimuuliza Audace, tena kwa dhati kabisa, nani aliwaleta huku. Tangu hapo hakuna safari iliyopita kwingine, na mimi nikiomba lifti kwenda kwa dada yangu anayekaa Alief, jirani na Sugar Land, nilijua nitaonyeshwa ng'ombe, nitake nisitake. Kituo cha mafuta, kikombe cha chai, halafu ng'ombe.

Aliwapa majina wote. Mmoja mwekundu alimpenda kuliko wengine, akasema ana mwendo wa bibi harusi. Audace hajui lolote kuhusu ng'ombe, amekulia kwenye mahema na mahindi ya posho. Alikuwa anapunguza mwendo, anamtazama mama yake badala ya shamba. Siku moja tukipanda ngazi aliniambia, uso umemng'aa, kwamba mama bado anaona, ameona hata mkia. Alikuwa akifanya zamu za ziada ghalani huku akisubiri miadi na daktari bingwa wa macho kule Houston. Tumaini lake lote lilikuwa hapo, kwamba kilichobaki cha macho yale kiokolewe kabla hakijaisha.

Safari za karibuni mama hakutaka tena kushuka. Jua kali, alisema, anawaona toka garini. Basi, anafuta kioo kwa ncha ya kitenge, anatazama nje, anatuhadithia nani amenenepa na nani amechokozana na nani. Nani angefikiria vinginevyo?

Siku ya miadi Audace alitoka zamu amechelewa, usingizi umemjaa. Aliniomba niende nao, kwa kuwa mimi ni nesi na maneno ya madaktari nayajua. Mama alisinzia kiti cha mbele kabla hatujatoka mjini. Audace akanitazama kwenye kioo, akaninong'oneza kwamba leo ng'ombe hapana, tutapita ya kulipia, atawaona tukirudi. Nikamwambia asante Yesu.

Tulisimama kituo cha mafuta kama kawaida, mama akaamka, tukamnunulia chai. Kisha tukaingia ya kulipia. Kule ni ukuta wa saruji kushoto na ukuta wa saruji kulia, hakuna hata jani. Nilijiandaa kumsikia akinung'unika. Yeye akamaliza chai yake, akashika ncha ya kitenge, akafuta kioo polepole, akageuza uso dirishani.

"Audace," alisema, "yule mwekundu amezaa. Ndama kafanana naye."

Nilitazama nje. Ukuta. Lori. Ukuta tena. Sikuweza kuuona uso wa Audace, niliona shingo tu.

"Ndiyo, mama," alisema. "Amezaa."

Akapunguza mwendo pale pale, malori yanatupigia honi, ili mama yake amtazame vizuri ndama ambaye hayupo. Mimi nililia huko nyuma bila kutoa sauti. Nesi mzima, nakunywa uji wake kila Jumapili, na sikujua. Nyumba ile alikuwa ameijua kwa vidole, na sisi ametujua kwa sauti, na hakumwambia mtu.

Daktari hakuchukua muda. Alisema kwa upole kwamba macho yote mawili yamezimika, tena si juzi, na hakuna cha kuokoa. Nilitafsiri mimi. Mama aliitikia tu, kama mtu anayeambiwa duka limefungwa.

Kurudi, Audace hakumuuliza mtu. Alishika Barabara ya Sita, akasimama penye waya, akamfungulia mama mlango, akamshika mkono kupita kwenye majani. Ng'ombe walikuwapo, karibu kabisa, tunawasikia wakitafuna. Mama akapapasa mpaka akaupata waya.

"Mwekundu yupo?" aliuliza.

"Yupo, mama."

"Na ndama wake?"

Audace alitazama shamba lote, kana kwamba akitafuta sana ndama atapatikana. Kimoyomoyo nilimwomba adanganye.

"Hajazaa, mama," alisema. "Asubuhi hatukupita hapa."

Mama aliushika ule waya kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyofanya kazi nyingine tena.

"Ulikuwa unafurahi sana," alisema, "nikikuambia nimewaona."

Audace alimshika mabega, akalia kama mtoto, mwanamume mrefu vile, magari yakipita. Mama akamwacha alie. Halafu akamwambia basi, sasa ni zamu yake, amwambie walivyo leo. Audace akapangusa uso, akaanza na wa karibu. Ni mkubwa, akasema. Ana pembe.

"Wote wana pembe, mwanangu," mama akamwambia. "Anza na rangi."